Programu za Windows ndani ya Linux: maswali yenu kuhusu Wine

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo barua za wasomaji zinafanana. Laptop ni nzima ila haikubali Windows 11, fundi kaiweka Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayoshika nafasi ya Windows, mashine imekuwa nyepesi, kila mtu kafurahi. Kisha inakuja ile programu moja ambayo mtu hawezi kuiacha, na haifunguki. Wengi wenu mnauliza kuhusu Wine, chombo cha kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux. Leo nazijibu barua hizo kwa mkupuo.

Mitihani yangu yote nimeitunga kwa Word. Huku kwenye Mint kurasa mbili zinakuwa tatu na majedwali yanavurugika. Nikiweka Wine nitaipata Word yangu? (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, Wine iache kwanza. Kinachovuruga kurasa zako ni aina ya herufi (fonti), wala si LibreOffice yenyewe, ile programu inayofungua hati zako za Word huko kwenye Mint. Word kwa miaka mingi imekuwa ikiandika kwa Calibri, na Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. LibreOffice ikiikosa inachukua herufi nyingine yenye upana tofauti, mstari unarefuka, swali la kumi linahamia ukurasa wa tatu. Kuna herufi ya bure iitwayo Carlito iliyochongwa kwa vipimo vilevile vya Calibri, na Caladea kwa wanaotumia Cambria. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Funga LibreOffice, fungua tena mtihani uleule. Kwa Times New Roman na Arial huna haja ya kuhangaika, mbadala wake wenye vipimo sawa kwa kawaida huja na LibreOffice yenyewe.

Ukishafanya hivyo na bado unaitaka Word, matoleo ya nyuma kama 2007 na 2010 huwa yanakubali vizuri kiasi chini ya Wine. Hii ya kulipia kila mwezi usijisumbue nayo, itumie kwenye kivinjari.

Wine ni nini hasa? Ni Windows iliyofichwa ndani ya Linux? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Hapana, ndani yake hamna Windows hata kidogo, ndiyo maana huhitaji leseni ya Windows kuitumia. Programu ya Windows muda wote inauomba mfumo mambo madogomadogo: nifungulie dirisha, nisomee faili hili, niambie saa ngapi. Wine inayapokea maombi hayo na kuyatekeleza kwa uwezo wa Linux. Prosesa ni ileile, kwa hiyo programu haipungui kasi kwa sababu ya kuigizwa; mara nyingi utaona inakimbia sawa na kwao.

Ugumu upo kwenye wingi wa maombi hayo. Mradi ulianza mwaka 1993, na toleo la 1.0 halikutoka hadi 2008. Miaka 15! Na waliokuwa wakiandika hawakupewa msimbo wa Windows (maandishi ya ndani ya programu) wautazame. Walitakiwa kuiga tabia zake hadi kasoro zake, kwa sababu zipo programu zinazotegemea kasoro hizo. Ukilijua hilo hutashangaa kwa nini programu moja inafunguka kama iko kwao na jirani yake inagoma kabisa. Kabla hujafuta Windows yako, nenda kwenye tovuti ya WineHQ, tafuta jina la programu na toleo lake, usome waliotangulia wameonaje.

Nimeweka Wine kwa apt, nikibofya setup.exe hakuna kinachotokea. Kwenye terminali inalalamika kuhusu wine32. (Fundi kompyuta, Mwanza)

Hilo ndilo linalowashinda wengi, na dawa yake imo ndani ya ujumbe wenyewe ukiusoma hadi mwisho. Programu nyingi za zamani ni za biti 32, na hata zile za biti 64 mara nyingi setup yake ni ya 32. Linux yako ya biti 64 haipakui vifurushi vya 32 mpaka uiruhusu:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine32:i386

Ule mstari wa kati usiuruke. Mara ya kwanza utakapoendesha programu, Wine itatengeneza folda yake na inaweza kukuuliza kama ipakue Mono. Kubali, ndiyo inayoshika nafasi ya .NET, nyenzo ya Microsoft, kwa programu zinazoihitaji.

Na wewe ni fundi, kwa hiyo hili nakuambia kwa msisitizo: usiandike sudo mbele ya wine, hata programu ikikataa vipi. Ukiendesha kama root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, mafaili yatabaki kuwa mali ya root, na kesho Wine itagoma kabisa ikisema folda si yako. Mteja atarudi dukani kwako amekasirika.

Nina duka la nafaka Kongowea. Programu ya mizani ni ya zamani, aliyeniuzia hapatikani tena. Kwa Wine inafunguka vizuri tu lakini kilo hazisomi. Mizani imeungwa kwa kebo ya USB. (Mfanyabiashara, Mombasa)

Swali zuri kuliko yote niliyopata, na habari njema ni kwamba mizani yako ina nafasi kubwa ya kufanya kazi.

Chomeka kebo, kisha andika ls /dev/ttyUSB* kwenye terminali. Ikijibu /dev/ttyUSB0, Linux imeiona kebo, na tatizo ni moja kati ya mawili. La kwanza ni ruhusa. Kwenye Ubuntu na Mint poti hizo ni za kikundi kiitwacho dialout, na mtumiaji asiyekuwemo hafunguliwi. Andika sudo usermod -aG dialout $USER, halafu toka kwenye akaunti uingie upya. Usipotoka, hakuna kilichobadilika.

La pili ni namba. Andika ls -l ~/.wine/dosdevices uone. Hapo kuna c: na z:, kisha mlolongo wa com, ndiyo majina ya poti kwa Windows. Wine huanza kugawa namba kwa poti za kale za kwenye ubao wa kompyuta, com1 hadi com32, hata kama mashine yako haina tundu hata moja la namna hiyo. Kwa hiyo kebo ya USB mara nyingi hujikuta com33. Sasa fungua programu yako ya mizani sehemu ya kuchagua poti: bila shaka orodha inaishia COM4 au COM8. Mizani ipo, programu haina pa kuichagua.

Andika wine regedit, itafungua daftari la mipangilio ya Wine. Ingia HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Wine, kisha Ports; kama Ports haipo, itengeneze. Ndani yake weka thamani mpya ya maandishi, jina COM1, na ndani yake /dev/ttyUSB0. Funga, andika wineserver -k ili Wine izime kabisa, ndipo ufungue programu. Chagua COM1, na kasi iwe sawa na iliyoandikwa kwenye kitabu cha mizani; 9600 ndiyo ya kawaida. Weka jiwe la kilo moja juu ya sahani utazame kioo.

Mwambie na kijana wa kaunta asichomoe kebo programu ikiwa wazi. Akiirudisha, Linux inaweza kuiita ttyUSB1, na mtaanza kulaumu mizani bure.

Naambiwa Linux haina virusi. Basi naweza kuendesha programu za kwenye flashi bila hofu? (Msomaji, Kigoma)

Ukishaweka Wine, kauli hiyo ipunguze. Kirusi cha Windows nacho ni programu ya Windows, na Wine haiulizi nia ya programu. Ile z: niliyoitaja juu ni kompyuta yako nzima. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai fedha kikiendeshwa kupitia Wine kinaweza kufika kwenye picha na hati zako zote, kwa sababu kinatumia ruhusa zako wewe. Unaweza kuifuta z: ndani ya winecfg, dirisha la mipangilio ya Wine, inapunguza hatari lakini si ukuta. Programu zilizovunjwa leseni, zile za kubadilishana kwenye flashi, ziogope huku kama ulivyotakiwa kuziogopa kule.

Programu yetu ya hesabu ina kile kifunguo cha USB cha leseni. Wine inasema hakuna kifunguo. (Mhasibu, Nairobi)

Hapo sikufichi, uwezekano ni mdogo sana. Vifunguo vya namna hiyo huhitaji draiva inayokaa ndani ya kiini cha Windows, na Wine haina kiini cha Windows cha kuipokea. Ndiyo sababu hiyohiyo antivirusi na draiva za printa za Windows hazifanyi kazi ndani yake. Printa yenyewe iweke kwa upande wa Linux, Wine itaiona.

Suluhisho lako ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta yako. Weka VirtualBox, ndani yake Windows yenye leseni halali, kisha umkabidhi mgeni huyo kile kifunguo kupitia menyu ya USB. Kompyuta iwe na RAM ya GB 8 angalau. Na kama Windows hiyo ni ya zamani, izimie intaneti.

Na gemu? (Kijana, Tanga)

Weka Steam, lile duka la gemu la mtandaoni. Tangu 2018 ina Proton ndani yake, ambayo ni Wine iliyoongezewa vitu vya gemu, na hutaandika amri hata moja. Zinazogoma zaidi ni zile za kushindana mtandaoni zenye mlinzi wa kuzuia udanganyifu, kwa sababu ileile niliyomwambia mhasibu.

Nimenunua kompyuta nyingine. Nimenakili folda ya .wine kwenye flashi, imeleta makosa chungu nzima, kisha flashi ikajaa. (Fundi yuleyule wa Mwanza)

Ndani ya dosdevices kuna njia za mkato, na flashi ya FAT32 haijui kuzihifadhi. Mbaya zaidi, z: inaelekea kwenye mzizi wa diski, kwa hiyo chombo cha kunakili kinachofuata njia za mkato huanza kukunakilia kompyuta nzima. Ndiyo iliyokujazia flashi. Zima Wine kwa wineserver -k, kisha ukiwa kwenye folda yako ya nyumbani:

tar czf wine-yangu.tar.gz .wine

Peleka faili hilo moja, ulifungue kwenye kompyuta mpya kwa tar xzf. Jina la mtumiaji liwe lilelile, la sivyo programu itatafuta mipangilio yake kwenye folda ya mtu mwingine. Angalizo: Documents ya ndani ya Wine kwa kawaida ni njia ya mkato tu kwenda Documents yako ya Linux. Kazi za mteja zilizohifadhiwa humo hazimo kwenye hilo tar, zibebe kando.