Notisi Haisimamishi Miaka

Barua za safari hii zinahusu ardhi ya Malindi na kandokando yake, na karibu zote zina kisa kimoja: hati miliki iko kwa mtu, na kiwanja kinakaliwa na mtu mwengine. Tumejibu nne.

SWALI: Assalaam aleykum. Marehemu baba alinunua kiwanja Muyeye mwaka 1998, akafariki 2017. Sisi watoto tuko Mombasa. Sasa pana nyumba sita za udongo na makuti. Tumewapelekea barua za kuhama mara tatu kwa mkono wa chifu, ya kwanza mwaka 2015. Hawakuhama, na juzi mmoja wao ametwambia kiwanja kimeshakuwa chao kisheria. Ni kweli?
*Binti wa marehemu, Mombasa*

JIBU: Wa aleykum salaam, dada. Kwa baadhi yao huenda ni kweli, kwa wengine si kweli. Ndiyo maana inafaa uwahesabu nyumba kwa nyumba, wala usiwachukue kama kundi moja.

Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kwenda mahakamani kuidai. Ikipita naye hajashitaki, aliyekaa bila ruhusa, waziwazi na bila kukatizwa, anaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imsajili yeye kuwa mmiliki. Wengi hudhani Katiba ya 2010 iliifuta haki hiyo kwa kuwa inalinda mali. Haikuifuta, Mahakama ya Rufaa ilipokaa papo hapo Malindi mwaka 2015 iliamua kuwa bado ipo.

Sasa zile barua tatu. Mahakama zetu zimeshika msimamo wa miaka mingi kwamba barua ya kumtaka mtu ahame haikatizi hesabu ya miaka. Kinachoikatiza ni kesi iliyofunguliwa, au mwenyewe kuingia na kuishika ardhi yake kikweli. Tena barua ya 2015 inakata kuwili: inaonyesha hamkutoa ruhusa, na inaonyesha vilevile kuwa mwaka huo watu wale walikuwepo nanyi mnajua. Aliyeingia 2015 anatimiza miaka 12 mwaka 2027. Aliyeingia mapema zaidi huenda ameshatimiza.

Kifo cha baba hakikuirudisha hesabu mwanzo, na kukiuza kiwanja leo hakutairudisha. Mnunuzi atakinunua pamoja na haki zilizokwisha kuiva za wanaokikaa, hata kama hazikuandikwa kwenye hati. Upande wa pili, anayedai atapata sehemu aliyoikalia tu, si kiwanja kizima. Na ikiwa ardhi ilikuwa ya serikali kabla ya kupewa mtu hati, miaka ya serikali haihesabiwi.

Kwa hiyo anzeni hivi, na upesi. Kwanza barua za usimamizi wa mirathi, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu. Mtoto wa marehemu akishitaki bila barua hizo kesi yake ni batili, hata awe mrithi pekee, na kosa hili limezika kesi nyingi zilizokuwa na haki. Kwa Waislamu Mahakama ya Kadhi inaweza kuzitoa. Muda ukiwa umebana, ombeni idhini ya muda ya kufungulia kesi tu, huku mirathi kamili ikiendelea.

Pili, fanyeni upekuzi rasmi wa hati, yaani kuangalia kwenye masjala ya ardhi imesajiliwa kwa jina la nani. Hati yenye jina kama "Portion No. ... Malindi" na nambari ya usajili inayoanza na CR hupekuliwa Mombasa; zile zinazoanza na "Kilifi/" huwa katika masjala ya Kilifi. Tatu, mchukueni mpima ardhi aliyesajiliwa ayafufue mawe ya mpaka. Msiruke hatua hii: si mara moja imeonekana kuwa nyumba mbili kati ya sita ziko kwa jirani. Mzozo ukiwa wa mpaka wenyewe, ni wa msajili wa ardhi kwanza, na mahakama itaukataa mpaka msajili aamue.

Nne, pateni ushahidi wa nani aliingia lini. Google Earth ina picha za miaka iliyopita. Fungueni mwaka kwa mwaka mpaka muone paa la kwanza la makuti lilitokea picha ipi. Aliyezichapa picha atie saini cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, la sivyo upande wa pili utaziangusha. Kisha fungueni kesi, na kila mwenye nyumba atajwe kwa jina lake. Amri dhidi ya "wavamizi wote" haimfungi mtu ambaye hakushitakiwa. Kiwanja cha thamani isiyozidi shilingi milioni 20 kinaweza kwenda kwa hakimu mkuu. Zaidi ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ipo Malindi. Siku hiyohiyo ombeni zuio la ujenzi mpya, maana habari ya kesi ikisikika mtaani nyumba sita huwa kumi.

SWALI: Nimesikia sheria mpya inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu. Iandikwe vipi, na apewe nani? Watu ni kama arubaini, shamba liko upande wa Ganda.
*Mwenye shamba*

JIBU: Si mpya sana, ndugu. Ni vifungu vya 152A hadi 152I vilivyoingizwa katika Sheria ya Ardhi mwaka 2016, na cha shamba la mtu binafsi ni 152E. Notisi isipungue miezi 3. Iwe ya maandishi, kwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kiswahili ni vyote viwili, lakini ongeza na nakala ya Kiingereza ili usiache mwanya. Notisi ya Kiingereza peke yake, akapewa bibi kizee asiyeijua, ni zawadi kwa wakili wake.

Kwa kuwa watu ni wengi, itangaze katika magazeti mawili ya kila siku yanayosomwa nchi nzima, na uibandike mahali pasipopungua 5 ndani ya eneo lenyewe. Chagua kisima, duka, njia panda, mlango wa madrasa, mti wanapokutania wazee. Piga picha kila bango siku ya kulibandika na upige tena baada ya wiki, kwani mabango huchanwa. Nakala moja ifike kwa naibu kamishna wa kaunti wa eneo na nyengine kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo, na kila ofisi ikugongee muhuri wa kupokea. Kupitia kwa chifu ni sawa kwa heshima ya mtaa, lakini chifu hashiki nafasi ya hao wawili.

Ndani yake eleza majengo yataondolewa vipi na mazao yatavunwa lini. Hapa wengi huandika mstari mmoja wakaharibu. Kama pana mahindi ya masika, weka tarehe baada ya Agosti. Kama pana minazi na mikorosho, sema wazi kila mti ni wa nani, kwani Pwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine, na hakimu wa huku analijua hilo. Miezi mitatu ihesabu tangu aliyepewa mwisho, uzidishe siku chache, na uandike tarehe yenyewe.

Aliyepewa notisi ana haki ya kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuithibitisha, kuibadilisha, kuisimamisha, kuifuta au kuamuru fidia. Ndiyo sababu tunapendelea notisi na kesi ziende pamoja: kesi inakata ile miaka 12, notisi inatimiza utaratibu. Mwenye notisi bila amri ya mahakama hufika kituo cha polisi akarudi mikono mitupu.

Siku ya kuondoa, wanaoshiriki wajitambulishe na waonyeshe idhini yao. Kwa kundi kama hilo la kwako lazima maafisa wa serikali wawepo. Wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuchukua mabati, milango na boriti zao. Watoto, wazee, wanawake na wenye ulemavu wawekewe ulinzi maalumu. Vitu vilivyoachwa visiharibiwe. Visipodaiwa baada ya siku 7, huondolewa au huuzwa mnadani. Amri hutekelezwa na dalali mwenye leseni, polisi wakisimamia usalama. Tingatinga liwe la mwisho kufika.

SWALI: Kiwanja ni changu na hati ninayo. Nikichukua vijana ishirini usiku mmoja tukaezua mapaa, nani atanishitaki?
*Nimechoka, Maweni*

JIBU: Serikali. Kifungu cha 90 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayeingia kwenye ardhi kwa nguvu, kwa vitisho, kwa kuvunja nyumba au kwa kukusanya watu wengi isivyo kawaida ametenda kosa, awe ana haki ya kuingia au hana. Kisha utadaiwa fidia ya vilivyovunjika, na mahakama ya ardhi itakutazama kwa jicho jengine.

SWALI: Baba yangu alimruhusu mzee mmoja ajenge kwenye kiwanja chetu hapa mjini, akilipa kodi ya ardhi kila mwezi. Wote wawili wamefariki. Wanawe wamo ndani na hawalipi chochote. Naweza kuwaita maskwota?
*Msomaji wa Shella, Malindi*

JIBU: Bado. Hiyo ni nyumba bila ardhi, desturi ya Pwani inayotambuliwa na mahakama: kiwanja chako, nyumba yao. Maadamu kodi ilipokelewa, walikaa kwa ruhusa na miaka haikuhesabika. Lakini kwa makubaliano ya mdomo ya mwezi kwa mwezi, miaka 12 huanza siku kodi ilipopokewa mara ya mwisho. Kwa hiyo tafuta daftari la baba na vipande vya risiti, uione tarehe ya mwisho kabla hujawaandikia neno.

Ikiwa ni karibuni, mlango ungali wazi. Waandikie kwamba wao ni wapangaji wa kiwanja, dai malimbikizo, na ukipokea hata shilingi mia toa risiti yenye tarehe na saini za pande zote mbili. Nakala yako ihifadhi pamoja na hati. Ukitaka kiwanja kitupu, wape notisi ya kumaliza upangaji na muda wa kubomoa, au uthamini nyumba uwanunulie. Njia hii ya mwisho mara nyingi hugharimu chini ya kesi.

Ikiwa risiti ya mwisho inakaribia miaka 12, acha barua, umwone wakili wiki hii.