Maswali ya gereji: kifuniko cha rejeta, taa ya injini na Legacy ya turbo mbili

Barua nyingi safari hii ni za Subaru, na kwa mkaazi wa Nairobi hilo si habari. Kinachonishangaza ni kwamba wengi wenu mmeshanunua spea ndipo mkauliza swali. Maduka ya Kirinyaga Road hayahami. Pima kwanza.

Fundi, habari yako. Forester yangu ya 1999 yenye turbo inachemsha nikikwama kwenye foleni pale Pangani. Fundi wa mtaani alitoa thamostati, akasema hizo ni za nchi za baridi. Bado inachemsha, na sasa anataka kufungua hedi, yaani kichwa cha injini. (Mwenye Forester, Kasarani)

Asifungue chochote bado. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria ya maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Injini yako ikiwa nzima hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Hapo ndipo pana hatari: kinachozuia maji yasichemke ni shinikizo lililomo ndani, na shinikizo hilo hushikwa na kifuniko. Kifuniko cha bar 1.1 kikiwa kizima, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119. Mpira wake ukikauka, umerudi kwenye sufuria.

Injini ikiwa baridi kabisa, kitoe ukigeuze. Mpira ukiwa umechimbika mfereji, au springi imelegea, kitupe. Forester ya turbo ina vifuniko viwili, kimoja cha rejeta na kingine cha tangi dogo lililo juu zaidi, na havilingani nguvu. Cha tangi ndicho cha shinikizo dogo. Nimekuta magari kadhaa ambayo vifuniko vilibadilishana nafasi baada ya kuoshwa injini, na mwenye gari hana habari.

Kisha washa AC utazame feni: zote mbili zizunguke. Moja ikilala, kagua fyuzi na relei kabla ya kulaumu mota. Maji ukiyajaza, egesha gari pua ikiwa juu, hita iwe kwenye moto, mimina polepole huku ukiminya paipu ili hewa itoke. Subaru hubakiza hewa ndani kuliko gari lolote ninalolijua. Baada ya hapo ndipo utazame lile tangi injini ikinguruma. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni dalili ya gasketi ya hedi, na hapo fundi wako atakuwa na haki ya kushika spana.

Thamostati irudishwe. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Na usijaze maji ya bomba peke yake. Weka kulanti, dawa ya maji ya rejeta, la sivyo kutu itaziba rejeta utakayonunua kesho.

Nina Impreza WRX ya 1997. Taa ya injini inawaka lakini kile kifaa cha Bluetooth cha kusoma kodi (namba za hitilafu) hakipati kitu. Je, kompyuta imekufa? (Msomaji, South B)

Haijafa, ni kwamba haiongei lugha ya hicho kifaa. Huhitaji kifaa. Piga magoti upande wa dereva, mulika chini ya dashibodi karibu na nguzo ya usukani. Utaona soketi ndogo za waya mmoja mmoja, zinazoning'inia hazijaunganishwa: jozi nyeusi na jozi ya kijani. Unganisha nyeusi mbili pekee, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu mimweko ya taa. Mirefu ni makumi, mifupi ni moja moja. Mirefu miwili na mifupi mitatu ni 23, yaani sensa ya hewa. 22 ni sensa ya kusikia injini ikigonga. 21 ni ya joto la maji.

Kodi haisemi "nunua sensa". Inasema saketi hiyo ina tatizo. Ukipata 23, chomoa plagi yake, tazama kama pini zimeota kijani, kisha chunguza paipu ya hewa inayotoka hapo kwenda kwenye turbo, hasa chini ya mikunjo ambako nyufa hujificha. Ukipata 22, mulika sensa yenyewe: mara nyingi utaona mwili wake wa plastiki umepasuka, na hapo nunua bila kusita. Imeshikwa na bolti moja tu.

Altezza yangu ilikuwa moto Mombasa. Tangu nihamie Ruaka imekuwa nzito. Nibadilishe nini? (Dada wa Altezza)

Usibadilishe kitu, dada. Hewa ya huku ni nyembamba, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake kwa kupanda mlima tu. Safisha kichujio cha hewa, kagua plagi, basi. Faida yake ni kwamba mgandamizo mkubwa wa injini hiyo hauipi shida sana petroli yetu huku juu kama unavyoipa kule pwani.

Legacy BH5 yangu inakufa nguvu ikifika mizunguko 4,000. Nimeambiwa turbo ya pili imeisha, na bei niliyotajiwa imeninyima usingizi. (Baba Legacy, Kitengela)

Kwanza tutenganishe ugonjwa na tabia. Legacy hiyo ina turbo mbili zinazopokezana: ya kwanza huanza mapema, ya pili huingia juu kidogo ya mizunguko 4,000. Wakati wa kupokezana nguvu hushuka kidogo, kisha gari linaruka. Likishuka na kuruka, halina ugonjwa. Ndivyo lilivyotoka kiwandani. Likishuka na kubaki huko huko, ndipo tutafute.

Na hapo sianzi na turbo. Kazi ya kupokezana hufanywa na valvu zinazoendeshwa na vakyumu, kupitia msitu wa paipu nyembamba za mpira na soleinoidi, yaani valvu ndogo za umeme, zilizofungiwa kwenye sanduku jeusi. Mpira wa zaidi ya miaka 20 unapasuka pale unapochomekwa, ufa mdogo usiouona mpaka uukunje kwa vidole. Nunua paipu za silikoni zenye tundu la ukubwa uleule na ubadilishe moja, kisha nyingine. Ukizichomoa zote kwa pamoja, Mungu akusaidie.

Ikiwa bado, tafuta uvujaji. Ziba paipu ya kuingilia turbo, ingiza hewa taratibu kwa kompresa ya magurudumu, isizidi psi 10, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila maungio. Panapotoa povu ndipo penye ugonjwa wako. Mtu akikwambia turbo imekufa, mwombe aitoe paipu na kukuonyesha shafti ikicheza.

WRX yangu inakula oili. Niweke oili nzito ya 20W-50? (Msomaji, Umoja)

Pima kabla ya kuficha. Asubuhi, gari likiwa sehemu tambarare na halijawashwa, soma kijiti. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Andika unachoongeza na kilomita ulizokwenda. Sikiliza pia: mlio wa kugonga injini ikiwa baridi, unaopotea ikipata joto, mara nyingi ni pistoni, na unaishi nao. Mlio unaozidi injini ikipata joto ni beringi za konrodi. Zima hapo hapo, ita gari la kuvuta.

Nataka dampu valvu ya kupiga "pshhh". (Kijana wa Buruburu)

Kompyuta yako imeshaihesabu hiyo hewa ya turbo unayoimwaga nje, na petroli yake imeshamwagwa. Ndiyo maana marafiki zako wanatoa moshi mweusi na kuzimikiwa kwenye raundabauti. Acha ile ya kiwandani.

Nimenunua Mitsubishi Evo V. Mwenyewe wa zamani anasema mkanda wa taimingi "bado". Nimwamini? (Msomaji, Lang'ata)

Hapana. Usiamini odomita pia. Badilisha mkanda mkubwa, tensheni, pampu ya maji, na ule mkanda mdogo wa nyuma unaozungusha mojawapo ya shafti mbili za kusawazisha. Huo ukikatika huvutwa ndani ya mkubwa, valvu zikakutana na pistoni.

Ukifunga, kuna tundu lenye plagi ubavuni mwa bloku. Ingiza bisibisi ya milimita 8: ikizama sentimita 6 au zaidi, ile shafti nyingine ya kusawazisha imekaa sawa. Ikigota kwenye sentimita 2 hivi, zungusha gia ya pampu ya oili mzunguko mmoja ujaribu tena. Alama za nje zinaweza kulingana zote na shafti bado ikawa imegeuka, gari likatetemeka mpaka vioo. Muulize fundi wako kuhusu hilo tundu kabla hajakunja mikono ya shati. Akikutazama tu, tafuta mwingine.