Elektroliti kwa mtu wa ulaji safi: soma namba za nyuma ya chupa

Mkuu mleta uzi, swali lako nimelielewa hivi: umeachana na vyakula vya kusindikwa, asubuhi unakimbia saa moja na nusu hadi mbili, ukirudi kichwa kinagonga, na unatafuta kinywaji cha elektroliti (madini kama sodiamu na potasiamu yanayotoka na jasho) kisichoharibu ulaji wako. Wadau waliotangulia karibu wote wamekujibu, "Kunywa maji ya dafu, ni ya asili." Mimi ni mtu wa baiskeli masafa marefu na ninakula kwa mtindo huo huo, na jibu hilo nalikubali nusu tu.

Tuanze na kinachotoka mwilini. Jasho kwa sehemu kubwa limebeba chumvi ya kawaida, yaani sodiamu na kloraidi. Lita moja ya jasho huwa na miligramu 500 hivi za sodiamu kwa mwenye jasho jepesi, na huvuka 1500 kwa wale ambao kofia yao ikikauka inabaki na ukoko mweupe ukingoni. Wengi tupo karibu na 1000. Potasiamu ni kama miligramu 200 kwa lita, na magnesiamu ni kidogo sana.

Sasa chukua maji ya dafu ya paketi. Glasi moja mara nyingi ina potasiamu miligramu 400 au zaidi, lakini sodiamu yake kwa kawaida haifiki 100. Yaani yanakupa tele kile ambacho hukukipoteza sana, na yanakubania kile kilichokutoka. Nayapenda, nayanywa, ila baada ya jasho la saa mbili huwa natia chumvi ndani yake.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa ulaji safi hatulizungumzii vya kutosha. Ukiacha vyakula vya paketi, umeacha pia sehemu kubwa ya chumvi uliyokuwa unaila bila kujua. Marekani, kwa mfano, zaidi ya asilimia 70 ya sodiamu wanayokula watu inatokana na vyakula vya viwandani na vya migahawani. Kwa mtu wa kukaa ofisini hiyo ni nafuu kubwa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sodiamu isizidi gramu 2 kwa siku. Lakini wewe umepunguza chumvi jikoni, umeacha ya viwandani, na bado unaimwaga kwa jasho kila asubuhi. Sisemi ndiyo sababu ya kichwa chako, ila ningeanza kutafuta hapo kabla ya kununua kopo lolote la unga wa elektroliti.

Na usijaribu kulitibu hilo kwa kujimiminia maji matupu. Kuna utafiti wa wakimbiaji wa Boston Marathon ya 2002, uliochapishwa 2005: kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu walipomaliza, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka chini ya kawaida, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Walikunywa kupita walichotoa.

Tuje kwenye lebo. Mbele ya chupa ni matangazo: jani la kijani, neno "safi", neno "asilia". Mimi huigeuza kabla sijasoma chochote. Jicho la kwanza linaenda kwenye kipimo, kwa sababu kuna chupa inayosema sodiamu 110 na sukari gramu 12, halafu maandishi madogo juu yake yanakuambia hizo ni za nusu chupa. Jicho la pili kwenye sodiamu. Ikiwa chini ya 300 kwa lita, kwangu hiyo ni juisi iliyovaa jezi ya michezo, hata kama viungo vyake vyote vimetoka shambani. Ndipo naangalia sukari, na orodha ya viungo ni ya mwisho.

Sukari inaonewa kidogo. Kwenye utumbo mwembamba glukosi (aina ya sukari) na sodiamu hupita mlango mmoja, na maji huzifuata. Ndiyo sababu chumvi ya kuongeza maji mwilini, ile ya wagonjwa wa kuhara, kwa fomula ya WHO ya tangu 2002 ina gramu 13.5 za glukosi na 2.6 za chumvi kwa lita. Hapo sukari ina kazi. Linganisha na Gatorade, kinywaji cha michezo kilichobuniwa 1965 katika Chuo Kikuu cha Florida kwa ajili ya wachezaji waliokuwa wakiishiwa nguvu kwenye joto: chupa yake ya kawaida ya mililita 591 ina sukari gramu 34 hivi. Kwa aliye katikati ya saa ya pili ya mbio, sawa, anaichoma. Kwa aliyekaa kwenye kiti, chupa moja imeshavuka gramu 25 kwa siku ambazo WHO inaona ndiyo kiwango bora kwa mtu mzima.

Vikoleza utamu visivyo sukari (sukralozi, stevia na wenzake) WHO ilishauri 2023 visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, na stevia imo humo licha ya kutoka kwenye jani. Erithritoli, kikoleza utamu kingine, mimi naikwepa kwa sababu ya tumbo tu. Ukiwa juu ya tandiko la baiskeli hutaki tumbo linalonguruma. Rangi hazina kazi yoyote, ziache. Asidi ya sitriki watu wanaiogopa bure: viwandani hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa kuvu, lakini ni ile ile iliyomo kwenye limau. Chumvi ya waridi nayo ni karibu asilimia 98 chumvi kama nyingine; lipia rangi yake ukipenda. Magnesiamu ikizidi inakukimbiza chooni, mambo yameisha.

Ninachokunywa mwenyewe siku nyingi nakichanganya jikoni: maji lita moja, chumvi robo kijiko cha chai kilichosawazishwa (hapo kuna sodiamu karibu miligramu 600), na limau nusu. Safari ikizidi saa moja na nusu naongeza vijiko viwili vikubwa vya sukari au asali. Koroga hadi chumvi iishe chini, kisha onja. Ikikukunja uso umezidisha, ongeza maji. Ya kopo nabeba safarini tu, ambako kupima kijiko ni taabu.

Lakini kabla ya kuchanganya, jipime. Kojoa, panda mizani bila nguo, nenda kakimbie, rudi ujifute jasho ukauke, panda tena. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, ongeza na ulichokunywa njiani. Ukikuta jumla ya jasho haifiki nusu lita, huhitaji kinywaji chochote maalumu: maji na kifungua kinywa chenye chumvi vinatosha.

Haya yote ni kwa mwenye figo nzima na presha ya kawaida. Kuna dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka, na mtu wa dawa hizo akijimiminia maji ya dafu au unga wenye potasiamu nyingi anaweza kuuweka moyo wake hatarini. Hukusema lolote kuhusu hilo, kwa hiyo nakuuliza: kuna dawa unatumia? Kama ipo, muulize daktari kwanza. Na kichwa, kinaanza ukiwa bado unakimbia au baada ya kunywa maji mengi? Tupe na namba za mizani, tuendelee hapo.