Kusafiri nje na mtoto ukiwa mzazi peke yako: nyaraka zilizonikwamisha na zilizonivusha

Dada uliyeuliza kutoka Mwanza, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuanza kuandika. Unasema una binti wa miaka sita, baba yake yumo kwenye cheti cha kuzaliwa lakini hamkufunga ndoa na huu ni mwaka wa tatu hujui alipo, na mdogo wako amewaalika Ujerumani mwezi wa Desemba. Unataka kujua kama pasipoti na cheti cha kuzaliwa vinatosha. Havitoshi. Nitaeleza kwa yaliyonikuta mwenyewe, kwa kuwa nimesafiri na mwanangu nje ya nchi mara mbili, na ni mara moja tu tulipoondoka siku iliyoandikwa kwenye tiketi.

Safari ya kwanza ilikuwa Johannesburg, mwaka 2018, mtoto akiwa na miaka sita kama binti yako. Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa inatumia kanuni zilizoanza tarehe 1 Juni 2015, ambazo zilimtaka mzazi anayesafiri peke yake na mtoto awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, pamoja na kiapo cha ridhaa cha mzazi asiyesafiri, au amri ya mahakama, au cheti cha kifo. Baba wa mtoto alikuwa Tanga, hakuwa na kinyongo, alikwenda kwa wakili akaapa. Mimi nilikipokea kile kiapo, nikaona muhuri na saini, nikakitia kwenye bahasha bila kukisoma neno kwa neno. Uwanjani, dada wa kaunta ya shirika la ndege alikiweka sambamba na pasipoti na kuanza kufuata herufi kwa ncha ya kalamu. Pasipoti ilisema Abdallah, kiapo kilisema Abdala. Nilimweleza kwamba ni jina lilelile, na kwetu sisi ni lilelile kweli, lakini shirika la ndege likimfikisha abiria asiye na nyaraka sahihi hupigwa faini na kulazimika kumrudisha, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunibebea hatari hiyo. Tuliondoka siku mbili baadaye, kwa kiapo kipya na nauli ya nyongeza.

Tulipofika, ofisa wa uhamiaji alimwinamia mtoto akamuuliza kwa Kiingereza mimi ni nani yake. Mwanangu alijibu, kwa sauti ya kujiamini kabisa, kwamba mimi ni dada yake. Wenzangu mliowaachia mama zenu wajukuu mtaelewa: alilelewa na bibi hadi miaka mitano, bibi ndiye aliyekuwa "mama", na mimi nilikuwa "dada" kama wadogo zangu walivyoniita. Cheti halisi cha kuzaliwa ndicho kilichotutoa pale, kwa sababu jina langu limo kwenye nafasi ya mama na linalingana na pasipoti yangu herufi kwa herufi.

Ninalisimulia hili kwa sababu majina yetu, kwa utaratibu wetu wenyewe, hayamwonyeshi mama. Mtoto anabeba jina la baba yake na la babu mzaa baba, mama anabeba la baba yake mwenyewe, na ofisa aliyezoea ukoo mzima kutumia jina moja la mwisho haoni kinachowaunganisha ninyi wawili. Ubaya zaidi ni pale mama aliyeachwa na mimba anapoandikisha mtoto kwa jina la babu mzaa mama katika nafasi ya baba. Naelewa kabisa sababu ya kufanya hivyo, kwani wengi wamefanya ili kumwepushia mtoto maswali shuleni, lakini kwenye karatasi mama na mtoto wanakuwa watoto wa baba mmoja, na hapo hata mtoto asipokuita dada, cheti kinamwitia. Aliyeko katika hali hiyo aombe marekebisho RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo Tanzania Bara, kabla ya kuomba pasipoti ya mtoto, maana pasipoti ikishatoka kwa majina yale, unakuwa na nyaraka mbili za kurekebisha badala ya moja. Waliozaliwa Zanzibar wanakwenda kwa wakala wa usajili wa kule, si RITA.

Maofisa hawaulizi haya kwa ajili ya kutudhalilisha, ingawa mama mmoja mbele ya foleni anaweza kujisikia hivyo. Nchi nyingi za Ulaya, Marekani na Afrika Kusini zimo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 kuhusu watoto wanaochukuliwa na mzazi mmoja na kupelekwa nchi nyingine bila ridhaa ya mwenzake, na hapa kwetu ipo sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara haramu ya kusafirisha binadamu. Swali wanalolitafutia jibu ni hili: mtu mwingine mwenye haki juu ya mtoto huyu anajua anapelekwa wapi, na amekubali? Afrika Kusini yenyewe ililegeza masharti mwishoni mwa mwaka 2019 kwa watoto wa kigeni wanaosafiri na wazazi wao, lakini mimi bado nisingepanda ndege bila ile bahasha, kwa sababu anayekuuliza kwanza ni mtu wa kaunta, na huyo huenda anakumbuka kanuni ya zamani.

Kiapo cha ridhaa kinachofaa kinataja majina kamili ya mtoto kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti hiyo, nchi mnayokwenda, tarehe ya kwenda na kurudi, mtakapofikia, na namba ya simu ya anayeridhia. Kiambatanishwe na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA au pasipoti, ili saini zilinganishwe, na kiandikwe kwa ajili ya safari hiyo, si ridhaa ya jumla ya miaka yote. Simu hiyo iwe inapokelewa. Safari yetu ya pili, ya Ujerumani mwaka 2023, baba wa mtoto alikuwa ameshahamia Oman kikazi, akasaini mbele ya ofisa wa ubalozi wetu Muscat, ambaye alithibitisha saini yake kwa muhuri, kisha karatasi halisi ikaletwa na msafiri. Picha ya WhatsApp ya karatasi hiyo haikukubaliwa, na sioni kosa katika hilo.

Kwako wewe, ambaye baba hapatikani, kiapo chako mwenyewe kwamba hujui alipo hakiwezi kushika nafasi ya ridhaa yake. Rafiki yangu wa Morogoro alijaribu njia hiyo, pamoja na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ubalozi ukamrudishia vyote viwili. Njia iliyomfikisha ilikuwa mahakama. Alianza kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, aliyewatembelea nyumbani na kuandika taarifa, kisha akapeleka maombi ya malezi ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Wakili wake alimpa ushauri ambao ninakurithisha bila malipo: usiridhike na amri inayosema tu kwamba mtoto atakaa na mama, bali omba iseme waziwazi kwamba mama anaruhusiwa kumwombea mtoto pasipoti na viza na kusafiri naye nje ya nchi bila ridhaa ya baba. Sentensi hiyo isipokuwepo, ofisa wa viza ataisoma amri yako na bado atakuuliza baba yuko wapi. Amri ikitoka kwa Kiswahili, ipeleke BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ikatafsiriwe na kupigwa muhuri, usimpe kijana wa stationari.

Wajane na wagane mambo yao ni mepesi kidogo: cheti cha kifo cha RITA, siyo kibali cha mazishi, na wala muhtasari wa kikao cha ukoo hauhitajiki, kwa kuwa huo ni wa mirathi. Waliotalikiana wakumbuke kwamba karatasi ya talaka inaonyesha ndoa imekwisha, lakini haisemi mtoto yuko chini ya nani, kwa hiyo wabebe amri ya mahakama inayohusu mtoto.

Kuhusu Ujerumani, fomu ya mtoto ya viza ya Schengen, viza ya muda mfupi inayotumiwa kwa pamoja na nchi nyingi za Ulaya, husainiwa na mwenye mamlaka ya mzazi, ndiyo maana amri ile inakuja kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15, na ada ya mtoto wa miaka sita hadi chini ya 12 ni euro 45 tangu Juni 2024, wakati chini ya miaka sita hawalipi. Kama cheti cha binti yako ni kile cha kuandikwa kwa mkono kilichotolewa kwenye usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano, kifanyie uhakiki RITA mapema, uhakiki uleule unaotakiwa na waombaji wa mikopo ya elimu ya juu, na ukitokea mwezi wanafunzi wanapoomba mikopo utakuta umati. Tiketi usiilipie. Weka nafasi tu, na Jumatatu nenda ustawi wa jamii, kwa sababu shauri la rafiki yangu lilichukua karibu miezi minne na hakuna aliyelipinga.