Mkahawani, si "kwenye mkahawani"

Msomaji wetu wa Wete, Pemba, anauliza: "Ni kweli mkahawa asili yake ni duka la mvinyo? Juzi tulikuwa kwenye mkahawani, mzee mmoja akatwambia hivyo."

Mzee kakaribia, hakufika. Kahawa ni qahwa ya Kiarabu, na katika Kiarabu cha kale hilo lilikuwa moja katika majina ya mvinyo. Karne ya 15 Masufi wa Yemen wakinywa maji ya buni ili wakeshe kwa dhikri, na jina likahamia huko. Duka la mvinyo lenyewe Waarabu wa kale waliliita hanut. Sisi tumepokea kahawa tu, tukaipachika m-, ikawa mkahawa. Mvinyo tumeupata kwa vinho ya Wareno. Mkahawa wa Kiswahili haukuwa kilabu cha pombe hata siku moja.

Sasa hiyo "kwenye mkahawani". Ndugu yangu, -ni kishasema mahali. Kwenye nayo yasema mahali. Kuziweka pamoja ni kuvaa kanzu juu ya kanzu. Mama wa Unguja akimtuma mwanawe humwambia "nenda dukani". Hajapata kumwambia "nenda kwenye dukani", na mtoto hajapata kupotea njia.

Linaloniuma ni kile tunachokipoteza. Chukua pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, muuza kahawa na dele lake mkononi. Umuulize Hamadi yuko wapi. Akikujibu "yupo mkahawani", keshakutajia pahali penyewe, hapana shaka. Akisema "yuko mkahawani", ni upande ule, katafute. Akisema "yumo mkahawani", ingia ndani utamkuta kakaa. Herufi moja tu, na umeshajua usimame mlangoni au uvue viatu. Mkahawani pake, mkahawani kwake, mkahawani mwake: kila moja ina kazi yake. Aliyezoea "kwenye mkahawani" hufika hadi "kwenye mkahawani wake", na hapo ngeli za mahali, pa, ku na mu, zote zimezikwa kwa mpigo mmoja.

Sema kwenye mkahawa, nitakuitikia. Sema mkahawani, nitafurahi. Katika nayo ni hivyo hivyo: katika ukumbi, au ukumbini. Mtangazaji anayenialika harusi "katika ukumbini" simsubiri amalize, nazima redio.