Una BCom (shahada ya biashara), wataka usimame Mahakama ya Malindi kama wakili: je, masta ya sheria yatosha?

Haitoshi, dada. Masta ya sheria kwa waliosomea fani nyingine itakufaa kwenye ardhi, kodi, benki au utumishi, lakini haikufanyi wakili. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, yataka shahada ya sheria yenyewe, yaani LLB. Kwa hiyo kabla ya kulipa karo soma jina la cheti utakachopewa: kikiandikwa LLM (masta ya sheria) au MA bila LLB nyuma yake, mlango wa uwakili Kenya haufunguki. Ile diploma ya mwaka mmoja ya Uingereza, ya kuwageuza waliosomea fani nyingine waingie sheria, nayo ni ya njia ya kule; usiinunue ukidhani yachukua nafasi ya LLB hapa.

Njia yako ni LLB, kwa kawaida miaka 4. Chuo kikuu kisiwe tu na jina. Kitivo chake cha sheria kiwe na leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria. Halafu Kenya School of Law, chuo cha mafunzo ya uwakili kilichoko Karen, Nairobi: masomo 9, mtihani wa kuandika 60%, zilizobaki ni za mdomo na kazi za mradi. Uanagenzi wa miezi 6 waweza kuufanyia kwa wakili hapo hapo Malindi.

Toa na cheti chako cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kabatini. Sheria ya Kenya School of Law ya 2012 imetaja wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili, na kipengele hicho kimewafikisha wengi kortini kudai nafasi wakiwa tayari na LLB mkononi. Gredi zako ni zipi?