Maswali Yenu Kuhusu Maji: Pampu Inayokata Saa Nane Mchana

Kisima chetu kina urefu wa mita 60, na pampu ya sola imening'inizwa kwenye mita 45. Tangu Agosti, kila ikifika saa nane mchana pampu inaanza kutoa hewa kisha inakata. Ikipumzika saa moja, maji yanarudi. Fundi anatushauri tuishushe hadi mita 55. Tumkubalie? (Katibu wa chombo cha watumia maji, Misungwi)

Ndugu katibu, msiishushe bado. Pimeni kwanza.

Bomba la kisima la inchi 5 hubeba lita 12 tu hivi kwa kila mita, kwa hiyo hata safu ya mita 20 haifiki lita 250. Maji yenu mengi yako nje ya bomba, kwenye nyufa za mwamba na changarawe iliyo juu yake, na yanaingia kisimani kwa mwendo wake. Dalili mnayoieleza ni ya pampu inayovuta haraka kuliko maji yanavyorudi. Mkiishusha, mtasogeza mbele tu saa ya kukata. Tena ikikaa mbele ya bomba lenye matundu, itavuta mchanga, na mota huweza kuungua kwa sababu maji hayapiti ubavuni mwake kuipoza.

Tafuteni futikamba ya mita 50 na kipande cha bomba la chuma cha sentimita 5, kilichozibwa juu na kuachwa wazi chini. Kifungeni kwenye ncha ya futi. Kikigusa maji hutoa mlio wa "pwa" unaosikika hadi juu. Wekeni alama ya rangi kwenye mdomo wa kisima, na kila mtu apimie hapohapo. Kama chuma kinaning'inia sentimita 6 chini ya sifuri ya futi, ongezeni 0.06 kwenye kila kipimo. Kabla ya kuiingiza, futeni futi kwa kitambaa chenye klorini.

Pimeni alfajiri kabla pampu haijawashwa, mara moja kwa wiki, na rudieni papo hapo. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita 2, kuna kosa: futi imenasa kwenye waya, au mmesikia tone linalotiririka ukutani. Siku hiyohiyo pimeni tena jua likiwa kali na pampu imeshafanya kazi saa mbili, kisha jazeni ndoo ya lita 20 mkihesabu sekunde. Andikeni yote matatu. Kwa kazi hii mwambieni fundi, siku atakapoinua pampu, ateremshe kando yake bomba la plastiki la inchi 1 lenye matundu chini, liishie juu kidogo ya pampu. Futi ikipita humo hainasi.

Daftari ndilo litakalowaambia ugonjwa. Kina cha alfajiri kikiwa sawa na cha mwezi kama huu mwaka jana, lakini mchana maji yanashuka zaidi kwa kasi ileile ya kuvuta, kisima kimeziba kwa kutu au mchanga laini. Kinahitaji kusafishwa kwa kompresa. Vina vyote viwili visipobadilika na ndoo ikichelewa kujaa, tazameni pampu, bomba linalovuja, au vumbi kwenye paneli. Maji ya alfajiri yenyewe yakizidi kushuka mwaka hadi mwaka, hapo mwamba unatolewa maji kuliko mvua inavyourudishia, na hakuna fundi wa kutibu hilo kwa spana.

Wakati mnasubiri kupata vipimo, punguzeni kasi. Ndoo ikijaa kwa sekunde 12, mnavuta lita 6,000 kwa saa. Kuanzia saa nne hadi saa nane ni lita 24,000. Punguzeni hadi sekunde 20, yaani lita 3,600 kwa saa. Kwa saa saba za jua mtapata lita 25,200, na kuna uwezekano mkubwa pampu isikate. Kama kidhibiti cha pampu kinaruhusu, punguzeni hapo. Kama hakiruhusu, bana valvu, ila msiifunge yote. Na kihisi cha kuzima pampu maji yakipungua kikae angalau mita 2 juu ya pampu. Sola haina gharama ya dizeli ya kumkumbusha mtu kuzima, ndiyo maana tunakisisitiza.

Naliona Ziwa Victoria nikiwa mlangoni kwangu. Kwa nini kisima changu kinakauka? (Msomaji, Magu)

Kwa sababu maji ya ardhini hutembea kutoka kilimani kwenda ziwani. Kisima kilicho juu ya usawa wa ziwa hulishwa na mvua iliyozama mlimani juu yake. Ni vile vilivyochimbwa kwenye mchanga wa ufukweni tu vinavyopanda na kushuka pamoja na ziwa.

Chimba Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, maji yakiwa chini kabisa, kisha shuka walau mita 2 zaidi kama mwamba unaruhusu. Aliyechimba Mei ndiye anayelia Septemba. Matuta ya kuzuia maji ya mvua yanafaa kwenye luseni, ule mchanga wa juu unaonyonya; kwenye itogolo, ule udongo mgumu usionyonya, maji hayazami, yatakauka juani. Ukichimba kirefu, pima floridi kabla ya kunywa: kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita.

Wakulima wa nyanya wamechimba visima karibu na pampu yetu ya mkono, na sasa tunapampu hewa. Tuwafukuze? (Mjumbe wa kamati, Sengerema)

La, kaeni nao na hesabu mkononi. Ekari moja ya nyanya kiangazi hutumia takribani milimita 5 kwa siku, yaani lita 20,000. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya 2002 cha lita 25 kwa mtu kwa siku, hayo yanatosha watu 800. Pampu moja ya mkono imekusudiwa watu 250.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani. Anayevuta maji kumwagilia kwa biashara anatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na malalamiko yenu yapelekwe huko, mkiambatanisha vipimo.

Kabla ya kuandika, thibitisheni chanzo. Pimeni kisima chenu pampu za bustani zikiwa zimezimwa usiku kucha, kisha zivute kwa muda wa saa nne huku yenu imepumzishwa, mkipima kila nusu saa. Maji yakishuka, ushahidi mnao. Yasiposhuka, fungueni pampu yenu mtazame wosha (mipira ya kuzuia maji kuvuja) na valvu ya chini.

Mkikubaliana, tajeni kina, msitaje mwezi: kwa mfano, maji ya alfajiri yakifika mita 9, bustani zinapunguza nusu, yakifika 11, zinasimama. Namba zenu zitatokana na mahali silinda ya pampu, sehemu inayovuta maji kule chini, ilipo. Kila bustani ifunge mita ya maji, na kipimo cha wiki kiandikwe kila Jumatatu kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, wakulima na akina mama wa kisimani wakiwepo wakati wa kupima.